Ramani Aliyoichukua Mtani

Je, inafaa kumkasirikia mtani? Swali hilo lilininyima usingizi wiki nzima baada ya msiba wa babu. Nina shahada ya jiografia, sina kazi, na jambo dogo naweza kuligeuzageuza mpaka likaota pembe.

Babu akiwa kijana alipanda treni Igalula kwenda pwani kuwabebea wapima ardhi minyororo ya kupimia na vyombo vyao, kwenye majabali na vilima vinavyoishia baharini. Alirudi na ramani ya mwambao ule, mistari yake ya kontua imesongamana kama alama za dole gumba. Chini limechapishwa jina la idara iliyopima. Wabebaji hawamo. Kwa hiyo babu akawaandika mwenyewe pambizoni kwa penseli, watu tisa, wa mwisho yeye.

Siku ya tatu ya matanga, mtani wetu, Mzaramo mwenye nyumba ya wageni hapa Tabora mjini, alipanda kiti akaing'oa ramani ile ukutani.

"Pwani ni yetu! Mnyamwezi huyu kaiba hata bahari!"

Waombolezaji wakacheka. Bibi alicheka. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka.

Juzi nikakutana naye sokoni. "Ramani iko kwa fundi wa fremu," akasema. "Kubwa mno. Kesho atakata pembeni, kwenye yale machorochoro."

Machorochoro!

Nikamkimbilia baba mdogo.

"Mtani hakasirikiwi," akasema.

"Baba, jina la babu litakatwa."

"Basi kambembeleze."

Kumbembeleza? Idara haikuona haja ya kuwaandika wabebaji, sasa mkasi uwafute kabisa, halafu mimi ndiye nitafute maneno ya adabu! Hata hivyo niliyatafuta. Nilitunga hotuba tatu, nikazikataa zote. Ndipo nikakumbuka kitu ambacho kila mtoto wa Unyamwezi anakijua: mtani akinyang'anya, naye hunyang'anywa.

Asubuhi nikaenda kwa fundi. Ramani ilikuwa mezani, rula juu yake, na mstari mpya umepita katikati ya jina la nne. Mtani alikuwa kando anakunywa kahawa.

"Umeleta ubani, mjukuu wa mwizi?"

Niliondoa rula, nikaikunja ramani, kisha nikamvua kofia kichwani.

"Na hii ni ya kwetu. Uliingia nayo Unyamwezi bila kuomba."

Alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mimi sikucheka.

Nilipofika nyumbani nilifuta mstari wa fundi polepole, nisiguse jina, nikaipigilia ramani ukutani na pambizo lake lote. Kofia ameifuata mara mbili. Sijampa.