Njiti ya Bwana Msimamizi

Siku yangu ya kwanza kazini sikuuza kitabu hata kimoja. Nilikuwa nimeshonesha gauni la kitenge, nimesuka nywele, nikaenda Temeke kwa basi la alfajiri nikidhani kazi ya duka la vitabu ni kusimama kaunta na kutabasamu. Bwana Msimamizi wa Duka, mzee mrefu wa Rufiji aliyewahi kuwa mwalimu kabla ya Uhuru, aliitikia shikamoo yangu, akanipa kiti na kitabu kipya.

"Soma," aliniambia.

"Na wateja, mzee?"

"Wateja watakuja. Wakija utawaambia nini?"

Nilisoma mpaka tukafunga. Kesho yake akanihoji mbele ya Hamisi, muuzaji mwenzangu. Ulicheka wapi? Ulichoka wapi? Yule mjane wa kwenye hadithi ungemkaribisha nyumbani kwako? Sura za mwisho nilizipitia juu juu tu, na alilijua hilo kabla sijafungua mdomo vizuri. Alinyoosha mkono, akakichukua kitabu chake. "Huyu hajamaliza," akamwambia Hamisi, kana kwamba mimi sipo. Nilichukia sana, na siku ile ile nilitaka kurudi kwetu Songea.

Sikurudi, na ndiyo maana nawaeleza nyinyi vijana mnaouza vitabu bila kuvifungua. Duka letu lilikuwa na meza moja karibu na mlango, tuliyoiita meza ya vitabu vipya. Kitabu kilichofika juzi kililazwa pale chali. Mfanyakazi akikisoma mpaka mwisho na kukipenda, alikisimamisha wima, jalada likatazama mlangoni. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yetu ya kukisifu. Hatukubandika karatasi wala kupiga kelele. Mteja aliyeingia aliona kitabu kimesimama, akauliza, "Nani kakisimamisha hiki?" na aliyekisimamisha alipaswa kuja kujieleza.

Watu wa Temeke waliizoea meza ile. Wengi walikuwa wametoka kwenye kisomo cha watu wazima, wamejua kusoma juzi juzi, na walikuwa na njaa ya maneno ambayo sijaiona tena. Mama Somoe, muuza maandazi aliyetoka Lindi, alikuwa haangalii jina la kitabu wala picha. Alinyoosha kidole tu, "Kile cha mzee," maana aliamini kilichosimamishwa na Bwana Msimamizi hakiwezi kumpotezea jioni yake.

Kazi nyingine ilikuwa kukagua kurasa. Kitabu hutengenezwa kwa mafungu ya karatasi zilizokunjwa, kisha hushonwa na kutiwa gundi mgongoni. Miaka ile karatasi ilikuwa ya shida na wachapaji walifanya kazi kwa haraka, kwa hiyo mara fungu limerudiwa, mara limesahauliwa kabisa. Kila katoni ikifunguliwa tulipekua namba za kurasa mpaka vidole vikawa vyeusi. Bwana Msimamizi alituambia, "Kumuuzia mtu hadithi isiyo na mwisho ni kumfungia nje ya nyumba yake."

Na yeye alikuwa na lake. Hakukunja kona ya ukurasa, alikuwa akichomeka njiti ya kiberiti pale alipofikia, njiti nzima isiyowashwa. Siku akikimaliza kitabu aliitoa, akawashia sigara yake kwa njiti ile ile, akavuta taratibu mezani kwake nyuma karibu na dirisha, ndipo akaja kukisimamisha. Tukisikia kiberiti kinakwaruzwa tulijua kuna kitabu kimekwisha.

Ikafika hadithi moja mpya iliyomteka kuliko zote. Ilihusu dereva wa gari moshi aliyerudi kwao baada ya miaka mingi, akakuta nyumba yake imefungwa kwa ndani na moshi unatoka jikoni. Mzee aliitoa kwenye katoni kwa mkono wake, akaketi nayo, hakusubiri hata tukague. Mchana alitusimulia vipande vyake. "Nani yumo ndani, Tekla? Mkewe kafa, watoto wako mjini. Nani anapika?" Jumamosi aliiacha mezani, njiti ikiwa katikati. Jumapili moyo wake ukasimama akiwa nyumbani kwake, tukamzika.

Nililia kama nimefiwa na baba. Kitabu chake hatukukigusa, tuliona si adabu.

Hamisi ndiye aliyeanza. Alikuwa anafuta vumbi asubuhi, akaniita kwa sauti ndogo. "Dada Tekla, umeisogeza wewe hii njiti?"

"Nisogeze ya nini?"

"Mie nakumbuka ilikuwa hapa katikati. Sasa ona."

Ilikuwa imekwenda mbele. Nilimwambia aache utani na marehemu, naye akaapa kwa mama yake. Halafu sote tukakumbuka jambo moja. Mlango wa duka ulikuwa na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwangu na mmoja kwake, na hakuna aliyeweza kuingia bila mwenzake. Huo ulikuwa utaratibu wa kazi. Dirisha lilikuwa na nondo.

Kesho yake njiti ilikuwa imesogea tena, na kesho kutwa. Haikuruka, ilikwenda kwa mwendo wa msomaji. Niliogopa, siwafichi, lakini hofu yenyewe ilikuwa ya upole, kama ya kukaa chumba kimoja na mtu mkubwa anayesoma. Nilijikuta nikitembea kwa kunyata ili nisimsumbue.

Kisha njiti ikaacha kusogea, na hapo upole ukaisha.

Tulifungua duka tukakuta vitabu vyote vya meza ya mlangoni, vile tulivyovisimamisha sisi, vimelazwa kifudifudi. Tukavisimamisha. Asubuhi iliyofuata vimelazwa tena, na duka zima linanuka sigara yake. Ikawa hivyo kila siku. Wateja wakaanza kunong'ona, wengine wakapita upande wa pili wa barabara. Mpiga hesabu wetu aliomba uhamisho. Hamisi akaniambia wazi, "Mie sibaki tena humu peke yangu, dada, hata mchana."

Habari zikafika mjini, na Bwana Meneja wa Matawi akaja. Alikuwa mtu wa suti ya Kaunda na sauti kubwa. Alizunguka duka, akanusa, akatazama duka lisilo na wateja.

"Bibi Tekla, nchi inajenga ujamaa, nyie mnajenga mizimu?"

"Hata mie siamini mizimu, Meneja."

"Basi mwisho wa mwezi nafunga tawi. Wewe utakwenda mjini kuuza kalamu na wino. Watu wa huku wakitaka vitabu watapanda basi."

Watapanda basi! Mama Somoe aache karai la maandazi apande basi kwenda mjini kuulizia hadithi, kwenye duka ambalo hakuna anayemjua? Nilijua hatakwenda. Nilijua wengi wao watasahau kusoma kama walivyojifunza, polepole, herufi moja moja. Hilo liliniuma kuliko kalamu na wino.

Mama Somoe huyo alikuwa amekaa kwao Lindi kwa muda mrefu, hakujua hata kwamba mzee amefariki. Siku ile ile adhuhuri, jua kali, Meneja akiwa bado anakagua rafu, aliingia akapitiliza mpaka nyuma, kisha akarudi kwangu amekunja uso.

"Nimemkosea nini mzee wenu?"

"Mzee gani, mama?"

"Si huyo hapo nyuma dirishani. Nimempa shikamoo haitikii. Kashika kitabu anakigeuza tu, mara mbele, mara nyuma, kama mtu aliyepoteza kitu ndani yake."

Meneja aliangalia nyuma, nami nikaangalia. Palikuwa na kiti, meza na kitabu. Nilimketisha Mama Somoe, nikampa maji, na nikamweleza taratibu. Aliweka khanga mdomoni, machozi yakamtoka. "Maskini," alisema. "Anatafuta nini sasa?"

Nikaelewa. Nilikwenda nyuma, nikakifungua kitabu kwenye njiti. Dereva anauvunja mlango kwa bega, mlango unafunguka, na ukurasa unaofuata ni shukrani za mwandishi. Namba zilikuwa zimeruka. Fungu zima la mwisho halikushonwa. Mzee aliyetufundisha kukagua hakukikagua cha kwake, na sasa alikuwa amefungiwa nje.

"Meneja," nilisema, "nitafutie nakala nzima ya hiki."

Akakohoa. Nakala nyingine za katoni ile, ambazo mjini walizichukua kabla hatujazikagua, zilikuwa na kasoro ile ile, zimerudishwa kwa mchapaji. Nikamkazia macho, maana alikuwa anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"Ipo moja nzima," alisema mwishowe. "Ninayo mie kwenye mkoba. Ila, Bibi Tekla, nami nimefika patamu."

"Mzee alifika kabla yako."

Alinipa, roho ikimuuma. Nikaiweka juu ya meza ya nyuma, nikahamishia njiti kwenye ukurasa wa mlango kuvunjwa, nikasema kwa sauti, "Mzee, hiki nimekikagua." Jioni Meneja akamnyang'anya Hamisi ufunguo wake, asije akachezewa, akaondoka nao mjini.

Asubuhi tulifungua pamoja, yeye kufuli yake, mimi yangu. Vitabu vyote vilikuwa vimesimama kama tulivyoviacha. Mbele yao, jalada likitutazama usoni, ilisimama hadithi ya dereva. Bwana Meneja hakuingia. Aliuliza kutoka kizingitini, na sauti yake kubwa haikuwepo.

"Nani kakisimamisha?"

"Aliyekimaliza," nikamwambia.

Nilikwenda nyuma. Juu ya meza njiti ilikuwa imelala peke yake, imeungua mpaka mwisho.

Tawi halikufungwa. Mama Somoe alikichukua kitabu siku ile ile, Meneja akalazimika kumngojea amalize. Mimi nilifanywa Msimamizi, baadaye nikahamishiwa Kinondoni, nikafundisha wauzaji wengi kukagua na kusimamisha, mpaka nilipostaafu na kuja kukaa Kiwalani. Msiniulize nani alikuwa ndani ya ile nyumba. Kitafuteni, msome.

Macho yamechoka sasa, nasoma polepole, na nimejaaliwa kuwa na vitabu vingi kuliko muda. Sivuti sigara, lakini kiberiti nakinunua. Wanangu nimewaambia jambo moja tu, na nyinyi mlisikie. Mkinikuta nimekwenda na njiti iko katikati ya kitabu, msikirudishe kabatini. Kikagueni kurasa kwanza, halafu mniachie dirishani.