Mate ya Wanjeri

Nilipokuwa mtoto kule Ruiru, mtu akimsifu mtoto mchanga ilimpasa amtemee mate kidogo kifuani, ndiyo baraka. Asiyetema aliaminika kuwa na jicho baya.

Mama alikuwa akichuma kahawa kwenye shamba la Mzungu na aliondoka alfajiri. Mdogo wangu Njoroge, ambaye hata jino hakuwa ameota, aliachiwa Cucu, nyanya yetu. Cucu alichemsha ndizi mbichi, akazitafuna, kisha akamtia mdomoni. Mtoto akitema, Cucu anamrudishia kwa kidole.

"Mwanamume hakui kwa maziwa peke yake," alisema.

Mimi nilibaki kumeza mate tu, nikizikodolea macho zile ndizi.

Asubuhi moja Wanjeri, jirani yetu ambaye hakujaliwa mtoto, alikuja kuomba moto. "Ngai! Huyu mtoto amenona hivi?" akasema, kisha akakimbia na kijinga chake kabla hakijazima. Hakutema.

Baada ya hapo Njoroge hakupata choo. Tumbo likawa gumu, akawa anakunja miguu na kulia mpaka sauti ikamkauka. Alipoacha kulia ndipo Mama alipoogopa kabisa, hata hakwenda kazini.

"Ni Wanjeri," Cucu alisema. "Alimtazama tu, akaenda zake. Aitwe atoe alichoweka."

Wanjeri alikuja, akasimama mlangoni akitutazama mmoja mmoja. Hakujitetea. "Nipeni mtoto," alisema. Akamtemea mate kifuani na tumboni kama alivyotakiwa. Kisha, bila kuagizwa na mtu, akaomba mafuta ya kondoo na maji ya vuguvugu. Alimsugua tumbo polepole huku akimdondoshea maji kwa kijiko, akaendelea hivyo hadi jua likapanda.

"Msimpe kitu kingine, titi tu," alimwambia Mama. Cucu hakumtazama.

Mchana Njoroge aliichafua leso ya Wanjeri yote. Mama alicheka huku akilia, na sijawahi kufurahia kinyesi namna ile.

"Mmeona?" Cucu akasema. "Ni yeye. Kama si yeye, mate yake yangemponyaje?"

Habari ikaenea kijijini. Tangu siku hiyo, Wanjeri akipita kwenda mtoni, kina mama walifunika watoto wao. Hakuja tena kwetu kuomba moto, na baadaye alihamia Ngoliba.

Nimelea wangu, sasa nalea wajukuu, na najua zile ndizi zilifanya nini ndani ya tumbo changa. Cucu simchukii, alimpenda Njoroge kwa namna aliyoijua. Lakini ya Wanjeri yananiuma hadi leo. Sasa naelewa kwa nini alisimama pale mlangoni. Mtoto akifa, angeambiwa amemuua. Akipona, angeambiwa ndiye aliyemroga. Alilijua hilo, na bado akanyoosha mikono.