Jirani Mwenye Kuongea Ndani

Nkambo yangu, baba ya mama, kule Mulongo alikuwa anatukana mutumbwi wake kila asubui, na hakuna muntu alimuita mulozi. Lakini hapa Kamina, mu kambi ya reli, jirani yangu Banda, mwenye alitoka Nyasaland, alikuwa anajifungia na kuongea luga ya kwabo. Anacheka, kisha analia. Nikashikwa na homa. Nikasema, njo yeye ananiroga! Nikaita kapita, mukubwa wa kambi, afukuze ule mulozi. Tukasukuma mulango: Banda amekaa na kuku moja tu.

"Hapa hakuna mwenye anasikia luga yetu," akasema. "Ninaongea na huyu, nisisahau kwetu."

Bantu bakanicheka miye. Banda akaniwekea kuku mu mikono. "Sasa ongea naye weye, baba. Lakini anajua Kinyanja tu."

Akatoka, akapita nyumba ya mwisho ya kambi, akaenda kwabo Nyasaland, hakurudia tena.