Shikamoo ya Fuvu la Nyani

Mume wangu alijaza mafuvu juu ya kabati la vyombo: ya nyani, ya mbega, ya tumbili. Ya plastiki yote, jamani, ya bandia. Alifundisha baiolojia hapa Lindi, na hata alipostaafu aliendelea kuyakusanya kama mimi ninavyokusanya khanga. Mgeni akija kunywa chai, lazima ashikishwe la mbega, apapase magego yenye ncha za kukatia majani, kisha apanue mdomo wake mwenyewe alinganishe. Aibu naona mimi.

Fuvu la nyani dume, lenye chonge ndefu, alilipenda kuliko yote. Kila asubuhi akipita pale husema, "Shikamoo, babu." Halafu anajiitikia mwenyewe kwa sauti nzito, "Marahaba, mjukuu wangu." Miaka nenda, miaka rudi! Nikimwambia, "Mzee, una wazimu wewe," anacheka.

Alipofariki, kaka yake alikuja kutoka Rutamba, na kabla hata hajakaa akayaona.

"Shemeji, haya yatoke leo. Watu watasema tunafuga uchawi."

Nikamweleza kwamba ni plastiki, vifaa vya kusomeshea.

"Plastiki sawa. Lakini ni vichwa."

Akaleta kiroba. Sikuwa na nguvu ya kugombana, na msiba ulikuwa wake pia. Nilikaa mkekani nikisikia vitu vya mume wangu vinagongana humo ndani kama takataka. Roho iliniuma, wallahi, lakini chozi halikutoka. Tangu afariki halikuwa limetoka.

Ndipo akaingia mtani wa marehemu, mama wa Kingoni anayeuza chakula Nangurukuru. Watani mnawajua: msibani hawana adabu, na hakuna wa kuwakemea. Akamnyang'anya shemeji kiroba, akatoa lile la nyani, akalivisha kofia ya mume wangu na kulikalisha kwenye kiti chake.

"Enyi Wamwera, mnalia nini? Mtu wenu huyu hapa! Tena leo kapendeza!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akajibwaga chini mbele ya kiti. "Haya yote nimeyateka. Hayatoki nyumba hii. Anayebisha aje aniondoe mimi kwanza."

Shemeji alijaribu kununa, akashindwa, akacheka. Mwenyewe ndiye aliyeyarudisha kabatini, maana mtani akishasema msibani, nani atabisha? Mimi nami nilicheka, Mungu anisamehe, na mume wangu hata hajazikwa.

Matanga yakaisha, watu wakatawanyika. Asubuhi ya kwanza ya kuwa peke yangu nilikwenda kuchukua kikombe, nikakuta lile fuvu la nyani linanitazama. Niliona haya, ingawa nyumba ilikuwa tupu.

"Shikamoo, babu," nikasema.

Nikangoja. Nilingoja kweli kweli, mkono kwenye mlango wa kabati, niitikiwe. Hapo ndipo nilipolia.