Chaki Ndani ya Madigadi

Mume wangu wanamwita Chaki, na msidhani ni mwalimu. Darasani hakukaa sana. Ni fundi wa matairi, huu mwaka wa thelathini na moja, hapo hapo mbele ya nyumba yetu, na kompresa yake imemla masikio yote mawili. Ukitaka kumsengenya, msengenye kwa sauti ya kawaida tu, hana habari, mpaka umpazie sauti.

Jina lilitokana na tabia yake moja. Mtu akija na rimu kubwa na matairi mapana kuliko yale gari lilikuja nayo, Chaki humfungia, kisha hulala chini akapaka chaki nyeupe ndani ya madigadi yanayofunika tairi na juu ya mpira wa breki, ule mrija unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu. "Pakia watu unaowapakia siku zote," humwambia. "Zunguka, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Kesho uje nikague." Gari tupu linadanganya, anasema, likibeba mzigo linakaa chini, ndipo tairi linapogusa. Chaki ikiwa nzima, nenda salama. Ikiwa imefutika, anafungua kila kitu, uwe waziri uwe nani.

Basi akaja mkwe wetu. Rimu kanunua mwenyewe, zinang'aa kama meno ya bandia, na matairi yake utadhani ya trekta. Chaki akazitazama, akatikisa kichwa. "Hizi si za gari hili."

Mkwe akanigeukia. "Mama, nisaidie."

Nami na kimbelembele changu nikaingia. "Baba watoto, mkwe ni mkwe. Unataka binti yako akasimangwe huko kwao?" Akazifunga. Akapaka chaki yake. Akamwambia apakie watu wake, azunguke, kesho aje akaguliwe.

Kesho yake asubuhi mkwe huyo, gari linametameta. Kalipeleka kuoshwa! Wamelipiga maji ya mashine mpaka ndani ya madigadi. Chaki akalala chini, akainuka mikono inachuruzika maji. Chaki haipo. Imefutwa na tairi au imefutwa na maji? Hakuna wa kujua.

"Napaka tena," akasema. "Mje kesho."

Mkwe akacheka. "Baba, safari ni leo."

Na kweli walikuwa wameshapakia. Binti yetu amekaa mbele na tumbo la miezi saba, wajukuu wawili nyuma, buti imejaa mpaka haitaki kufunga. Na njia yao ni ule mteremko mrefu wenye kona, ambako bila breki huna kitu.

"Baba, gari mbona hata kelele halina?" binti akasema.

Chaki alishika mlango, hataki kuuachia. Mimi ndiye niliyeutoa mkono wake. Majirani walikuwa wanatazama, nikaona aibu. "Mwache mtoto wa watu aende," nikamwambia. "Miaka yote hii wewe unaona ajali tu!"

Wakaondoka. Pale kwenye tuta, kabla ya barabara kubwa, mkwe akakata kushoto mpaka mwisho na gari likadidimia na mzigo wake. Nikasikia. Khrrr. Fupi tu, kama mtu anakwangua sufuria.

Chaki alikuwa ananitazama usoni. "Umesikia kitu?"

Jamani, lilitakiwa neno moja tu. Lakini nikajiona nakimbia barabarani kumrudisha mkwe mbele ya macho ya mtaa mzima, baada ya maneno yale yote niliyoyasema. Funika kombe mwanaharamu apite. "Sijasikia kitu," nikasema.

Hakubisha. Alitembea mpaka kwenye tuta, akainama, akarudi na kitu kiganjani. Kipande cha mpira mweusi, chembamba kama ganda la kiazi, na kwenye mkunjo wake weupe kidogo wa chaki ambao maji hayakuufikia.

"Hiki si cha tairi," akasema. "Ni cha mrija."

"Nilisikia, baba watoto. Nilisikia, nisamehe."

Hakunigombeza. Afadhali angenipiga hata kelele. Alinipa simu, nikapiga ya mkwe, nikapiga ya binti, zote hazipatikani. Ukishaanza ule mteremko mtandao hakuna. Akachukua funguo za pikapu yetu chakavu.

"Panda," akasema. "Wewe ndiye mwenye masikio."

Tukaondoka mbio. Mimi niliomba mpaka maneno yakaniishia, nikawa nataja majina ya wajukuu tu. Kona ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna kitu. Ya tatu nikashusha kioo. Huko chini bondeni kulikuwa na honi, moja, ndefu, haikatiki.

"Umesikia kitu?" akauliza.

"Nimesikia," nikasema.