Nyumba Ishirini na Sita za Mlimani

Ofisini walimwita Bi Mstari, kwa kuwa mkono wake ulitulia kuliko rula. Miaka thelathini na moja aliinamia meza ya kioo yenye taa chini yake, akichora mito, barabara na mistari ya mwinuko ya sehemu ambazo mguu wake haukuwahi kuzikanyaga. Siku ya kustaafu aliulizwa anataka zawadi gani. Jibu lake liliwachekesha wenzake: alitaka nakala za ramani zote kuukuu za upande wa kwao.

Akarudi kijijini, mjane, watoto wamekwisha kuota mbawa. Alikaa katika nyumba ya marehemu baba yake, ukuta kwa ukuta na kaka yake mkubwa, mwenyekiti wa kamati ya maji. Akazitandaza ramani mezani, akaziwekea mawe pembeni zisijikunje, akaanza kuita watu.

Watu wakaja. Seremala aliiona njia aliyobebwa mgongoni na mama yake kwenda zahanati, ambayo sasa ni shamba la mahindi. Mwenye duka alibisha kufa na kupona kwamba hapakuwahi kuwa na daraja pale bondeni. Kesho yake walikwenda na jembe, wakayakuta mawe ya daraja chini ya majani, na mwenye duka akanunua soda bila kuambiwa. Bi Mstari aliandika kila neno daftarini. Wakawa wanamtania kwamba anayajua makaburi ya watu kuliko wenye makaburi.

Fundi cherehani wa mlimani, rafiki yake tangu darasa la kwanza, alikuja pia, lakini hakuisogelea meza. Alikaa mlangoni akishona vifungo. Watu wa mlimani waliitwa wakuja. Kila mtoto wa kijiji aliijua habari yao: walifika juzijuzi, wakapewa pa kukaa kwa huruma, ndiyo maana kwenye chemchemi walichota baada ya wenyeji kumaliza. Msimulizi mkuu wa habari hiyo alikuwa baba yake Bi Mstari.

Asubuhi moja alikuwa akilinganisha karatasi mbili za eneo lile lile. Kwenye ile ya zamani zaidi aliona vinukta vyeusi mlimani, juu kidogo ya chemchemi. Nukta moja, nyumba moja. Alihesabu mara tatu: ishirini na sita, na jina la kijiji limeandikwa juu yake. Huku chini, wanapoishi wao, zilikuwa nyumba nne tu. Karatasi ya pili, iliyochorwa miaka kumi na miwili baadaye, ilikuwa imegeuza mambo: chini kijiji, juu kichaka. Hata jina lilikuwa limeteremka mlima.

Yeye alijua ramani inavyopikwa. Mchoraji huchora alichoandika mpimaji, na mpimaji huandika alichoambiwa na mwenyeji. Akamwandikia mtunza stoo wa ofisini, akamwomba nakala za kurasa za daftari la wapimaji wa mwaka wa karatasi ya pili. Bahasha ilifika baada ya wiki tatu. Mlimani hakuna makazi, ndivyo ilivyoandikwa, jina ni la kijiji cha chini, mwenyeji amethibitisha. Chini yake palikuwa na sahihi, na herufi ya kwanza ilikuwa na mkia mrefu kama wa panya. Mkia huo alikuwa ameuona kwenye kila ripoti yake ya shule, mahali pa sahihi ya mzazi.

Alikaa chini sakafuni. Mtu aliyemshika mkono akamfundisha kushika penseli ndiye huyo.

Alipomwendea kaka yake, kaka hakushangaa, na hilo lilimchoma kuliko sahihi yenyewe. Kaka akamweleza taratibu. Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Watu wa mlimani walivuka mto na mifugo yao kutafuta malisho. Wapimaji wakaja, ikasemekana kijiji kitakachochorwa ndicho kitakachopewa shule. Baba alikuwa kijana pekee aliyejua kusoma, akawa kiongozi wao wa njia. Wenye nyumba waliporudi walikuta wamekuwa wageni. Baba aliyasema hayo akiwa mgonjwa, akamwachia mwanawe wa kiume siri.

"Na mimi je? Kwa nini hakuniambia?"

"Wewe kazi yako ilikuwa ramani," kaka akajibu. "Angekuambiaje?"

Kisha akalainika. Akamwita kwa jina la utotoni, akamwambia damu ni nzito, na kwamba jambo hili atalieleza yeye mwenyewe kwenye mkutano wa Jumamosi. Akaomba ile ramani na zile kurasa azisome vizuri. Akampa. Nani humwandikisha hati ndugu wa tumbo moja?

Jumamosi kaka alizungumzia mabomba mwanzo hadi mwisho. Bi Mstari aliposimama na kuuliza, kaka alitabasamu kwa huzuni.

"Mtuwie radhi. Dada yangu upweke umemzidi. Hizo karatasi zimemchanganya."

Watu wakatazama miguu yao. Jioni wifi yake alipita uani, akasema bila kumtazama kwamba asizitafute. Aliziona zikiingia jikoni, na majivu ameyazoa mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kesho yake alipanda mlima mikono mitupu, akamweleza fundi yote. Fundi alilisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Mama yangu alikufa akisema kazaliwa hapa hapa," alisema. "Aliwahi kukuambia, ukacheka. Ulikuwa mtoto, lakini ulicheka."

Alikumbuka kucheka.

"Andika barua tena huko kwenye ofisi yako," fundi akaendelea. "Ikija, usiitandaze kwako. Ilete huku."

Mtunza stoo alituma nakala nyingine, na safari hii Bi Mstari aliipandisha mlimani siku ile ile. Ugomvi wa chemchemi ulichukua miezi minane, ukaingiza mkuu wa shule na maofisa wa wilaya, ukavunja uchumba mmoja. Mwishowe foleni ikawa moja, anayewahi anachota. Kaka aliachia kiti cha kamati, akazungushia uzio upande wake wa ua. Hadi leo hamsalimii dada yake. Salamu huletwa na wifi, na haijulikani kama zimetumwa.

Alasiri Bi Mstari hukaa kwa fundi na kalamu, watu wakimtajia kila nukta ilikuwa nyumba ya nani. Wamefikisha ishirini na tatu. Fundi humpa kiti, humpa maji, na humjibu anachoulizwa. Zaidi ya hapo, bado.