Mbwa Asiyebweka wa Mjomba Asadi

Mtu akimpigia hodi, Mjomba Asadi hakuitikia kabla ya kumtazama mbwa. Ilikuwa hivyo miaka yote, nyumbani kwake Msimbati, ukingoni mwa mikorosho. Mgeni anasimama njiani, anaita, na mzee aliyekaa barazani akichambua korosho anainua macho, anamtazama mbwa wake, kisha ndipo anageuka na kusema karibu, kwa sauti kubwa kama anaongea na mtu wa ng'ambo ya mto.

Jirani yake, Saidi, alilifanya jambo hilo utani wa kudumu. Akiwa na mgeni njiani humwambia, "Twende tukaombe ruhusa kwa bwana mkubwa," na bwana mkubwa ni mbwa. Kufuga mbwa hakukuwa ajabu. Waislamu wengi wa pale wanafuga, kwa ajili ya ngedere wanaomaliza mabibo na nguruwe pori wanaofukua mihogo, na hakuna shehe aliyewahi kuwakataza. Kilichowakera watu ni mbwa kuulizwa kwanza. Na zaidi, mbwa mwenyewe habweki. Jina lake Waseme, wa rangi ya udongo mkavu, sikio moja limepasuka. Mwizi akipita, kimya. Mgeni akija, kimya. Saidi alikuwa akisema mbwa asiyebweka ni mdomo wa kula bure.

Nuru, mpwa wa Asadi, aliyasikia hayo kila alipokwenda, na yalimuuma. Yeye alikuwa mwalimu wa biolojia mjini, mwendo wa saa chache kwa gari, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye talaka yake na vyumba vyake viwili vya kupanga Magomeni, ambamo jioni redio ndiyo iliyokuwa na maneno mengi. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na mjomba ndiye aliyemlea, akamsomesha kwa korosho mpaka chuo. Kwa watu wa kwao, mjomba ndiye mwenye mtoto, na mjomba akizeeka, mpwa ndiye mwenye mjomba. Asadi alikuwa mjane na hakujaaliwa mtoto. Kila mwaka Nuru alimwona akizidi kujitenga. Haendi kwenye mazungumzo ya jioni, na akienda anaongea yeye peke yake, halafu anaaga na kuondoka. Watu walisema kiburi, wengine wakasema ni utu uzima.

Basi Idi moja, akimmiminia chai akiwa amesimama nyuma ya mgongo wake, Nuru alimweleza uamuzi wake. Mjomba atahamia mjini, akae naye moja kwa moja. Waseme atabaki kwa Saidi, kwa sababu mwenye nyumba hataki mbwa uani.

"Haya, inshallah," alisema mjomba.

Nuru alifurahi, na wakati huohuo moyo ukamwingia ubaridi kidogo, kuona jinsi mzee alivyokubali kumwacha mbwa wake kirahisi. Siku ya safari mjomba alitoka na kifuko chenye kanzu moja na msuli mmoja. Alimgeukia Waseme, akashusha kiganja taratibu: kaa, narudi. Mbwa akakaa. Gari lilipoondoka alikuwa bado amekaa.

Magomeni, mjomba alitafuta mahali panapotazamana na geti, akaweka kigoda chake hapo, na hakuliondoa jicho getini kutwa nzima, kama mlinzi aliyeahidiwa mshahara. Akiingia ndani kuswali anarudi mbio. Usiku alilala na taa. Nuru alidhani ni ugeni, utaisha.

Haukuisha. Bi Felista, jirani wa nyumba ya pili, ndiye aliyeleta malalamiko. Alimsubiri Nuru njiani akitoka shule, sahani mkononi.

"Mwalimu, mjomba wako ana maringo," alisema. "Nimemletea mihogo ya nazi. Nimepiga hodi mpaka kuku wakaniitikia, yeye kanipa mgongo."

Nuru aliomba radhi, akaipokea sahani, akaingia kwa hasira. Mjomba alikuwa uani, amempa mgongo, anatawadha. Akamwamkia. Kimya. Akamwamkia tena, karibu zaidi. Mzee aliendelea kuosha miguu. Ndipo sahani ilipomponyoka Nuru ikagonga saruji kwa kishindo, na njiwa wote wa paa la jirani wakaruka. Mjomba aliwaona njiwa. Alitazama juu walikopita, akatazama paa walikotoka, na baada ya hapo tu akageuka polepole, akamkuta mpwa wake amesimama nyuma yake na vipande miguuni.

Nuru alikuwa amesimamia mitihani mingi, na uso ule aliujua. Ulikuwa uso wa mtoto aliyekutwa na karatasi ya kuibia.

Alichuchumaa mbele yake ili midomo yake ionekane. "Tangu lini, mjomba?"

Mzee aliitazama midomo hiyo kwa muda. Akamwambia kwamba sikio la kulia lilikufa ujanani na la kushoto likalifuata kidogo kidogo, kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Aliwahi kufuatana na vijana wa baruti baharini, wale wanaovua kwa kulipua samaki. Yeye hakurusha, alipiga kasia tu, lakini siku moja baruti ililipuka kabla ya kufika majini.

"Kwa nini hukusema?"

"Kiziwi wa pwani haulizwi amepatwa na nini," alisema mjomba. "Anaulizwa alirusha ngapi."

Halafu akamuuliza yeye: shughuli iliyomleta mjini ni lini? Maana anadhani siku zimekuwa nyingi, na Waseme anangoja.

Hapo Nuru akaelewa ile "haya, inshallah" ya Idi ilikuwa nini. Lilikuwa jibu la mtu ambaye hakusikia neno, na miaka yote hiyo ndilo alilokuwa akiwapa wote, wakamwona mtu wa kukubali au mwenye kiburi kufuatana na walichokuwa wamemwomba. Alifumba macho kidogo, maana aibu ilimjaa. Alipoyafumbua mjomba alikuwa bado anaitazama midomo yake, akingoja.

Kesho yake walirudi Msimbati, na njiani mzee alisimulia kwa sauti iliyomfanya dereva ageuke mara kwa mara. Waseme alipokuwa mtoto alibweka kama mbwa yeyote. Mjomba alikuwa akiliona domo linafunguka na kufungika, na ngedere wakimaliza mabibo nyuma yake. Siku zikapita, mbwa akaacha kubweka. Akaja kumvuta msuli kwa meno. Mzee akamchapa, maana mate ya mbwa yanaoshwa mara saba, moja kwa udongo, naye alikuwa na udhu wake. Mbwa akaenda kukaa mbali, akafikiri, kama mbwa hufikiri. Aliporudi hakumgusa tena. Alikuja kusimama mbele yake, hatua moja nje ya fimbo, akageuza kichwa. Akitazama njiani, ni mtu. Akitazama juu, ni ngedere. Manyoya ya shingo yakisimama, ni nguruwe.

Wanafunzi walishamuuliza Nuru mara nyingi, kati ya mbwa na nyani nani ana akili, naye akawapa majibu ya kitabuni: ukubwa wa ubongo, idadi ya maneno ambayo mbwa anaweza kujifunza, akilinganishwa na mtoto mdogo anayeanza kusema. Yalikuwa majibu ya kweli. Lakini hakukumbuka kuwafundisha kipimo cha mnyama anayegundua kwamba mwenziwe amepungukiwa na kitu, akaacha silika yake, akatafuta njia nyingine, na njia hiyo isimharibie swala.

"Ngedere ana akili kumzidi Waseme, sikatai," alisema mjomba, kana kwamba alikuwa ameyasoma mawazo yake. "Anajua fimbo na bunduki, anajua siku ninayokwenda msikitini. Ila akili zake zote zinazunguka tumbo lake. Mbwa ana akili za kumfikiria mwenziwe."

"Na sisi?" aliuliza Nuru, uso kwa uso.

"Sisi tuna akili za kufikiri mwenzetu ana maringo."

Waseme hakuwa kwa Saidi. Saidi alimfunga kamba, mbwa akaitafuna, akarudi kukaa palepale kilipomwacha kile kiganja. Alipoliona gari hakubweka. Alisimama mbele ya mzee, hatua moja nje ya fimbo, mkia ukimzidi nguvu, kisha akageuza kichwa kumwonyesha mpwa, kama vile mzee hajui kaja na nani.

Nuru alilala hapo siku mbili, akarudi mjini kwenye redio yake. Masika hayajaisha, Saidi alimpigia simu alfajiri. Hakuanza na salamu. Alisema mbwa amekuja mlangoni kwake akabweka, akabweka mpaka mtaa ukaamka, na yeye, Saidi, alijua kabla hajavaa viatu.

Walimzika mjomba mchana. Watu walipotawanyika Nuru alirudi peke yake kuifunga nyumba, na kwa mazoea akasimama njiani akapiga hodi. Waseme alikuwa barazani. Alimtazama Nuru, kisha akasimama, akaenda mbele ya kigoda, hatua moja nje ya mahali fimbo ilipokuwa ikifika, akageuza kichwa kuelekea njiani. Akakaa hivyo muda mrefu.

Nuru alikumbuka jinsi walivyoagana pale pale. Alikuwa amesimama mbele ya mzee ili amwone vizuri, akamwahidi atakuja mwisho wa mwezi, naye mjomba safari hii hakusema haya, inshallah. Alisema, "Ukija usinipigie hodi, mwanangu. Mwite Waseme. Mimi nitakusikia."